Bunduki Isiyosikika: Ni Nani Hasa Hakutakiwa Kusikia?

Msomaji wa riwaya za kijasusi za Kiswahili, za Elvis Musiba, za Ben Mtobwa na za wengi waliowafuata, haelezwi bastola yenye kiwambo cha sauti ni nini. Anaijua. Katika hadithi za aina hiyo duniani kote mlio unakuwa mdogo kama kikohozi, mlinzi anaanguka, na mwenzake aliye hatua chache mbele hageuki hata shingo. Silaha ya namna hiyo ipo kweli, na sehemu kubwa ya ukoo wake ilizaliwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndani ya maabara za siri za Uingereza, Marekani na Urusi ya Kisovieti.

Lakini ukiifuatilia historia yake utakutana na mambo mawili ambayo hadithi huyapita haraka. Kwanza, ukimya haukupatikana bure. Kila mara ulilipiwa kwa nguvu ya risasi, kwa umbali, kwa kasi ya kufyatua au kwa uhai wa silaha yenyewe. Pili, serikali zilizogharamia majaribio hayo zilikuwa na hofu kubwa zaidi kuliko sikio la mlinzi wa getini. Zilihofia swali litakaloulizwa kesho yake asubuhi: nani kafanya? Ukitaka kujua kama silaha hizi zilifaulu, usipime ukali wa mlio tu. Pima pia kama swali hilo lilibaki bila jibu.

Kelele tatu, dawa tatu

Bunduki ikifyatuliwa hutoa kelele tatu kwa mpigo. Ya kwanza ni ya gesi. Baruti ikiungua hugeuka gesi ya moto yenye mgandamizo mkubwa, nayo huisukuma risasi mbele. Risasi ikishatoka, gesi hutoka nyuma yake kwa mlipuko. Ya pili ni ya risasi yenyewe. Ikienda kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya takriban mita 340 kwa sekunde, hupasua hewa kwa mlio mkali unaoandamana nayo njia nzima. Ya tatu ni ya chuma: nyundo inayogonga, komeo linalorudi nyuma, ganda linalotupwa nje.

Kiwambo hutibu kelele ya kwanza peke yake. Huipa gesi nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kukutana na hewa ya nje. Kelele ya pili haina kiwambo. Dawa yake ni risasi ya polepole, na risasi ya polepole haifiki mbali wala haigongi kwa nguvu. Ya tatu hupungua bunduki ikizuiwa kujipakia yenyewe, na hapo mpigaji anabaki na risasi moja hadi atakapovuta komeo tena. Kila mhandisi aliyeingia kwenye kazi hii alilazimika kuchagua hasara atakayoivumilia.

Wa kwanza kukifanya kiwambo kuwa bidhaa iliyouzika alikuwa Hiram Percy Maxim wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1909. Ukoo wake haukuwa mgeni Afrika Mashariki. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni rashasha ambayo watu wetu waliiita bombomu. Rashasha ndizo zilizowafyeka wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma la Wajerumani la Mahenge mwezi Agosti 1905. Kwa mtawala wa kikoloni ngurumo ile ilikuwa nusu ya kazi: alitaka isikike hadi kijiji cha tatu, na alitaka ijulikane ni ya nani. Mwana aliuza kinyume chake, utulivu kwa wawindaji na walenga shabaha wasiotaka kuwakera majirani. Mwaka 1934 sheria ya Marekani ilikiwekea kifaa hicho kodi ya dola 200, fedha nyingi kwa wakati ule, na soko la raia likafifia. Wateja wapya walikuja na vita.

Hoteli ya Welwyn

Mwezi Julai 1940, baada ya Ufaransa kuanguka, Winston Churchill aliidhinisha kuundwa kwa SOE, taasisi ya Uingereza ya kuendesha hujuma na kuwasaidia wapiganaji wa chinichini katika nchi zilizotekwa na Wajerumani. Kituo chake kimoja cha utafiti, kilichoitwa kwa namba tu, Station IX, kiliwekwa katika jumba la The Frythe karibu na mji wa Welwyn, kaskazini ya London. Jumba hilo lilikuwa hoteli kabla ya vita. Vifaa vingi vilivyobuniwa hapo vilipewa majina yanayoanza na Wel: pikipiki ya kukunja Welbike, nyambizi ya mtu mmoja Welman, na bastola Welrod.

Welrod inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hakuna silaha nyingine ya wakati ule iliyoukubali ukweli wa kelele tatu kwa uaminifu kama huo. Kwa macho ni bomba la chuma jeusi lenye urefu wa sentimita 30 na ushei. Kitako chake ni magazini yenyewe, imevishwa mpira ili mkono usiteleze. Ukiichomoa, kinachobaki mkononi ni bomba tu, na anayekupekua huenda asijue ameshika nini. Ndani, mtutu mfupi umetobolewa matundu yanayoiachia gesi mapema iingie kwenye chumba kinachouzunguka, na hivyo kasi ya risasi pia hupungua. Mbele yake zimepangwa sahani na vipande vya mpira ambavyo risasi hupenya katikati yake, na mpira hujifunga nyuma yake kuizuia gesi. Haijipakii. Baada ya kila risasi mpigaji huzungusha kifundo cha nyuma, hukivuta, kisha hukirudisha, naye huchagua mwenyewe saa ya kufanya hivyo.

Hivyo kelele zote tatu zilishughulikiwa, na bei ikalipwa papo hapo. Vipande vya mpira vilichakaa baada ya risasi chache, na silaha ikaanza kurudisha sauti yake. Umbali wa kufaa ulihesabiwa kwa mita chache, si kwa mamia. Na mtumiaji akikosa risasi ya kwanza, muda wa kuvuta kifundo ungetosha kwa adui kupiga kelele. Welrod ilikuwa silaha ya mtu aliyekwisha kumkaribia anayemlenga kiasi cha kumwona usoni.

Jambo moja zaidi lililokosekana kwenye bomba lile si la uhandisi. Halikuwa na jina la kiwanda. Silaha za kawaida za jeshi hutembea na vyeti vyao vya kuzaliwa vimechongwa kwenye chuma. Hii ilitoka kiwandani haina baba. Aliyeiokota kando ya maiti katika barabara ya Copenhagen angeweza kukisia ilikotoka, lakini chuma chenyewe kisingetoa ushahidi.

Welwyn ilikwenda mbali zaidi kwa silaha ya kufichwa ndani ya mkono wa koti. Lilikuwa bomba la risasi moja, limefungwa kwa kamba ya mpira juu ya mkono, na kifyatulio chake kiko upande wa mbele ili kibonyezwe kwa dole gumba. Mtumiaji aliliteremsha hadi kiganjani, akaligusisha mwilini mwa mtu, akafyatua, akaliachia lirudi juu ndani ya koti. Ganda la risasi lilibaki ndani, lisianguke barabarani kuwa kielelezo mbele ya polisi. Hapa nia ya wabunifu inaonekana waziwazi: mlio, mwonekano na mabaki ya tukio vilitibiwa kama ugonjwa mmoja.

Askari nao walitaka zao

Makomando walihitaji kitu tofauti. Hawakuwa majasusi wa kutembea mjini na koti. Walishuka ufukweni usiku, na mlinzi wao alikuwa mita mia moja mbele. Jibu mojawapo lilikuwa bunduki ndogo ya rashasha ya Sten iliyoongezewa kiwambo. Ilikuwa rahisi na nyingi, lakini kiwambo kilipata moto kiasi kwamba ilibidi kivishwe kitambaa cha turubai, na watumiaji walielekezwa wapige risasi moja moja. Wakiachia mfululizo, kiwambo kingeharibika. Rashasha iliyokatazwa kupiga mfululizo ni mfano mzuri wa gharama ya ukimya.

Jibu bora zaidi lilitoka kwa mhandisi William Godfray de Lisle. Alichukua komeo la bunduki ya kawaida ya jeshi la Uingereza, Lee-Enfield, akaliunganisha na mtutu wa risasi nene za bastola za .45, kisha akauzungushia mtutu huo kiwambo kikubwa. Siri yake ilikuwa katika uchaguzi wa risasi. Risasi ya .45 kwa maumbile yake huenda polepole kuliko sauti, lakini ni nzito, kwa hiyo haipotezi nguvu nyingi kwa kuwa ya polepole. Kelele ya pili haikuwapo tangu mwanzo, na chumba kikubwa cha gesi kiliimeza ya kwanza. Iliyobaki ilikuwa ya tatu, na hadi leo wanaoijua bunduki hiyo husema kuvuta komeo lake kunasikika kuliko kuifyatua. Ilitumika Ulaya na Burma, lakini zilitengenezwa takriban 130 tu. Katika vita vilivyotumia bunduki kwa mamilioni, hicho ni kiasi cha kuonja.

Marekani: kutoka White House hadi manati

Upande wa Marekani, OSS, taasisi ya ujasusi na hujuma, iliundwa mwezi Juni 1942 chini ya William Donovan, na idara yake ya utafiti ikakabidhiwa kwa mkemia Stanley Lovell. Silaha yake iliyofaulu zaidi ilikuwa bastola ya High Standard ya risasi ndogo za .22, iliyowekewa kiwambo kilichobuniwa na maabara za Bell, wataalamu wa simu waliojua sauti kuliko wauza bunduki. Zilinunuliwa zaidi ya 2,000. Lovell alisimulia baadaye kwamba Donovan aliingia nayo ofisini kwa Rais Roosevelt akiwa na mfuko wa mchanga, akaumiminia risasi huku rais akimsomea katibu wake maneno ya kuandika, na rais hakushtuka hadi alipokabidhiwa bastola ikiwa bado ya moto. Kisa hicho kinategemea kumbukumbu ya mtu aliyependa kusimulia, na kinafaa kusomwa hivyo. Lakini hata kama kimetiwa chumvi, kinatuonyesha tangazo lililenga nani: mwenye saini ya bajeti.

Majaribio mengine hayakuwa na bahati hiyo. Wataalamu walijiuliza: kama baruti ndiyo chanzo cha kelele, kwa nini isiachwe kabisa? Wakarudi kwenye pinde za mtambo, zile zenye kifyatulio kama cha bunduki, wakizitengeneza kwa chuma chepesi na mipira minene kama ya manati ya mtoto anayewinda ndege. Kubwa iliitwa Big Joe, ya mkono mmoja Little Joe, na nyingine ikapewa jina la shujaa wa hadithi za Uswisi, William Tell. Zote zilifyatua. Tatizo lilikuwa mahali pengine. Mshale huua kwa kuvujisha damu, na anayevuja damu ana muda wa kupiga ukelele. Ukimya wa upinde unaishia pale sauti ya aliyechomwa inapoanza. Zaidi ya hapo, kuuvuta tena kulichukua muda mrefu kuliko hata kifundo cha Welrod, na jasusi aliyekamatwa na upinde wa kisasa katika mji wa Ulaya asingekuwa na la kujitetea.

Wazo lililokuwa na uzao lilikuwa jingine, nalo lilijaribiwa katika kifaa kilichoitwa Bigot, bastola ya kawaida ya jeshi iliyogeuzwa kurusha vishale. Baruti iliunguzwa ndani ya mkia wa kishale chenyewe, na gesi ikanaswa humohumo badala ya kuachiwa hewani. Silaha haikuenea, lakini kanuni yake ilikuwa na busara: badala ya kuipooza gesi, ifungie ndani isitoke.

Njia ya Warusi

Wasovieti walianza na bahati ya kurithi. Bastola yao ya zamani, Nagant ya mwaka 1895, ilikuwa ya silinda, na bastola za silinda kwa kawaida hazifai kiwambo kwa sababu gesi huvuja katika mwanya ulio kati ya silinda na mtutu. Nagant ilikuwa tofauti: kabla ya kufyatua, silinda yake ilisogea mbele na kuuziba mwanya huo. Kiwambo kilichoitwa Bramit, jina lililotokana na ndugu wawili wa ukoo wa Mitin waliokibuni, kilifungwa mbele yake, na kingine kikatengenezwa kwa bunduki ndefu za Mosin. Waliotumwa nyuma ya mistari ya Wajerumani walizitumia.

Baada ya vita ni Wasovieti waliolifikisha mbali wazo la kufungia gesi ndani. Bastola ya PSS, iliyoanza kutumika mwaka 1983, haina kiwambo chochote. Ndani ya ganda la kila risasi mna pistoni ndogo: baruti huisukuma, pistoni huirusha risasi, kisha huziba mdomo wa ganda, na gesi hubaki imefungiwa humo. Kinachosikika ni chuma kugonga chuma. Gharama nayo ilihamia kwenye risasi, ambazo ni ghali, ngumu kutengeneza na za masafa mafupi. Wamarekani walikuwa wamepita njia hiyohiyo mwaka 1969 walipotuma Vietnam bastola chache za majaribio kwa askari walioingia katika mahandaki, ambako mlio wa bunduki ya kawaida ulimziba masikio mpigaji mwenyewe.

Je, zilibadilisha vita?

Ukitazama matukio makubwa ya vita vya siri, jibu ni gumu kwa mashabiki wa viwambo. Mauaji mashuhuri kuliko yote yaliyoandaliwa kwa msaada wa SOE ni ya Reinhard Heydrich, kiongozi wa Kinazi, mjini Prague, tarehe 27 Mei 1942. Yalifanywa mchana, kwenye kona ya barabara. Sten ya mshambuliaji Jozef Gabčík, isiyo na kiwambo, ilikwama. Mwenzake Jan Kubiš akarusha bomu, na Heydrich akafa kwa majeraha tarehe 4 Juni. Siku 6 baadaye Wajerumani walikiteketeza kijiji cha Lidice na kuwapiga risasi wanaume 173. Je, Welrod ingeiokoa Lidice? Hakuna sababu ya kuamini hivyo. Watekaji hawakulipiza kisasi kwa sababu ya mlio. Walilipiza kwa sababu ya maiti. Ukimya ulimlinda mpigaji kwa dakika za kukimbia, na haukumlinda hata kidogo mwanakijiji asiyejua lolote.

Mfano wa pili unatoka Norwei. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943, kikosi kilichoongozwa na Joachim Rønneberg kiliingia katika kiwanda cha Vemork na kulipua mitambo ya maji mazito ambayo washirika waliogopa yangesaidia bomu la nyuklia la Ujerumani. Walipita korongo ambalo walinzi waliliona halipitiki, wakaingia, wakatega, wakatoka. Hakuna risasi iliyopigwa wala mtu aliyekufa. Ukimya wa Vemork ulitengenezwa na ramani, mazoezi na taarifa za wenyeji walioijua kila njia ya jengo.

Kwa hiyo, kijeshi, silaha hizi zilikuwa kiungo cha pembeni. Zilifaa sana mahali padogo: mlinzi mmoja, mbwa wa ulinzi, taa ya barabarani, msaliti mmoja katika mji wenye masikio. Huko Denmark na kwingineko wapiganaji wa chinichini walizitumia na kuziheshimu. Lakini treni zilizosimamishwa na viwanda vilivyozimwa vilikuwa kazi ya vilipuzi, ambavyo havijawahi kuwa na haya ya kelele.

Serikali isiyotaka kujulikana

Mbona basi ziliendelea kutengenezwa amani iliporudi? Kwa sababu matumizi yao ya pili, ya kukana, yaliongezeka thamani katika Vita Baridi, pale mataifa makubwa yalipotaka kudhuriana bila kupigana waziwazi.

Mwaka 1960 una vielelezo viwili. Tarehe 1 Mei ndege ya kijasusi ya Marekani, U-2, iliyorushwa na Francis Gary Powers ilidunguliwa juu ya Urusi, na Washington ikadai ni ndege ya hali ya hewa iliyopotea njia. Wasovieti walionyesha hadharani mabaki yake na vifaa vya rubani, ikiwamo bastola ya High Standard yenye kiwambo, ileile ya enzi za Donovan. Rubani wa hali ya hewa hahitaji bastola ya kimyakimya. Kifaa kilichobuniwa kuficha kikageuka shahidi wa upande wa mashtaka.

Cha pili kinatugusa zaidi. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mjini Leopoldville, Kongo, aliwaandikia wakubwa wake kuhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ambaye CIA ilikuwa imekwisha kumwandalia sumu ya kumuua. Alipendekeza atumiwe bunduki yenye nguvu, yenye darubini na kiwambo cha sauti, na akasisitiza iwe imetengenezwa nje, yaani isiwe ya Kimarekani. Akafunga kwa mafumbo ya msimu wa kuwinda. Sifa hizo zikisomwa pamoja zinaeleza kila kitu: darubini ni ya kumpata mtu, kiwambo na uraia wa bunduki ni vya kumpoteza mwenye bunduki.

Lumumba hakuuawa kwa silaha hiyo wala kwa sumu ile. Aliuawa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, tarehe 17 Januari 1961, mbele ya kikosi cha kufyatua risasi, kwa bunduki za kawaida zenye mlio wake kamili, huku maofisa wa Kibelgiji wakiwapo. Ukimya ulifuata baadaye. Mwili uliyeyushwa kwa tindikali, na wiki kadhaa zikapita kabla ya serikali ya Katanga kutangaza kwamba alitoroka akauawa na wanakijiji. Uongo huo ulifanya kazi ambayo hakuna kiwambo kingeiweza, na familia ilisubiri hadi mwaka 2022 kurudishiwa jino moja.

Tunayajua ya telegramu ile kwa sababu mwaka 1975 kamati ya Seneti ya Marekani chini ya Frank Church ilifungua majalada. Mwezi Septemba mwaka huo Seneta Church aliinua mbele ya kamera bastola ya umeme ya CIA ya kurusha kishale kidogo chenye sumu, karibu bila sauti, kwa umbali wa mita 100 hivi. Mkurugenzi wa CIA, William Colby, alikaa mbele yake akijibu, pamoja na mengine, kwa nini takriban gramu 11 za sumu ya kombe zilihifadhiwa wakati rais alikwisha kuagiza ziteketezwe.

Hapo ndipo mizania ya silaha hizi inapofungwa. Kiufundi zilifaulu kwa kiasi cha kustaajabisha, ndani ya mita chache na kwa risasi chache. Kijeshi zilisaidia mara mojamoja. Kisiasa ziliahidi kitu ambacho hazikuweza kukitoa, kwa sababu silaha isiyo na jina haitengenezwi na mtu asiye na jina. Inaagizwa kwa barua, inalipiwa kwa hundi, inajaribiwa na ripoti yake inaandikwa, inapelekwa kwa telegramu. Sehemu ya majalada ya SOE iliungua kwa moto mwanzoni mwa mwaka 1946, na yaliyosalia yalianza kufunguliwa kwa wasomaji miaka ya 1990. Anayetaka kuijua silaha ya siri asihangaike kutega sikio kwenye mtutu. Aulize nani aliidhinisha fedha, na jalada liko wapi.